Ajira ya Watoto: Sheria Ipo, Sisi Tuko Wapi?



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa darasa la juu tumepewa na walimu wetu nafasi ya kuandika katika jarida la mwaka huu juu ya jambo lolote tunaloona linaigusa madrasa yetu. Wapo waliotaka tuandike juu ya mashindano ya kuhifadhi Qur'an, na wapo waliotaka tuandike juu ya maadili ya vijana. Mwisho tumekubaliana kuandika juu ya ajira ya watoto. Sababu ni kwamba jambo hili liliingia darasani kwetu, likakaa mkekani pamoja nasi, na sisi tukalicheka.

ALIYEKUWA AKISINZIA

Miaka miwili iliyopita tulikuwa na mwenzetu mmoja, umri wake miaka 11. Jina lake tunalisitiri. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na alikwishahifadhi juzuu mbili kabla ya wengi wetu. Lakini kila baada ya muda zilikuja siku ambazo hafai kwa lolote. Anafungua msahafu, anasoma aya mbili tatu, kichwa kinaanguka. Alichapwa kwa kosa la uvivu. Alisimamishwa mbele ya darasa. Sisi tukampa jina la utani, tukamwita Popo. Yeye alicheka pamoja nasi, na hatukujua kwamba jina lile lilikuwa kweli kuliko tulivyodhani.

Aliyegundua ni ustadhi mmoja aliyekaa jioni na daftari la mahudhurio. Aliona kwamba siku za kusinzia na siku za kutokuja zilikuwa zikifuatana na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, mtoto yupo na yuko macho. Usiku ukiwa wa giza, mtoto analala darasani au haonekani kabisa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mashua hupumzika.

Alipoulizwa kwa upole, alisema. Alikuwa akiondoka baada ya Isha, kazi yake kushika taa na kukumba maji ndani ya mashua, na kurudi karibu na Alfajiri. Asubuhi shule, alasiri chuoni. Ujira wake ulikuwa ndoo ndogo ya dagaa na pesa kidogo ambazo mama yake alinunulia unga.

Ustadhi alikwenda nyumbani kwao, na wawili katika sisi tulifuatana naye. Mama yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na alitukaribisha kwa haya kana kwamba yeye ndiye mwenye deni letu. Kamati ya madrasa ilitenga unga, maharage na mafuta ya kupikia kila mwezi kutoka katika sanduku la sadaka, na mtoto akaacha kwenda baharini. Hapo tulishukuru. Lakini kabla hatujaondoka siku ile, tuliuliza alipo dada yake wa miaka 12, ambaye tulimjua kwa sababu alikuwa akisoma upande wa wasichana. Tuliambiwa kwamba wiki tatu nyuma alichukuliwa na mama mmoja kwenda mjini kufanya kazi za ndani, kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Kwa kaka tuliwahi. Kwa dada tulichelewa.

SHERIA INASEMA NINI

Baada ya hapo tulitaka kujua: je, mambo haya hayana sheria? Tukakuta kwamba sheria zipo, tena nyingi.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1991. Shirika la Kazi Duniani lina mikataba miwili mikubwa juu ya jambo hili. Mkataba namba 138 wa mwaka 1973 unahusu umri wa chini wa kuajiriwa, na namba 182 wa mwaka 1999 unakataza aina mbaya zaidi za kazi kwa watoto. Tanzania iliridhia wa kwanza mwaka 1998 na wa pili mwaka 2001. Mwaka 2020 mkataba huu wa pili ulikuwa umeridhiwa na nchi zote 187 zilizokuwa wanachama wa shirika hilo. Maana yake ni kwamba hakuna serikali hata moja kati ya hizo inayoweza kusema haikujua.

Kwa Tanzania Bara tunazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hizi zinakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwenye miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani, wala kuwa baharia chomboni, au mahali pengine popote penye hatari, hata shambani. Sheria ya Mtoto inakataza pia kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Sasa mrudie mwenzetu. Umri wake ulikuwa chini ya kiwango. Kazi yake ilikuwa ya chomboni. Muda wake ulikuwa ule ule wa usiku uliokatazwa. Alivunjiwa sheria mara tatu kila alipopanda mashua, na ufukwe mzima ulimwona akipanda.

Tatizo haliko katika maandishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 wenye miaka 5 hadi 17 wakiwa katika utumikishwaji Tanzania Bara, na zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa katika kilimo, ufugaji, uvuvi na misitu. Afisa kazi anaweza kubisha hodi kwenye lango la kiwanda. Hawezi kukaa kila ufukwe usiku wa giza, wala kuingia katika kila jiko la kila nyumba ya mjini. Sheria ina mikono mirefu, lakini macho yake ni sisi. Na hili hatulisemi kwa kubuni. Sheria ya Mtoto yenyewe inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa mahali hapo. Kwa hiyo tuliomwona mwenzetu akipanda mashua na tukanyamaza, sheria imetutaja na sisi.

JE, NI SHERIA ZA WAGENI?

Wapo wanaosema kwamba habari za umri wa kuajiriwa na haki za mtoto ni mambo yaliyoletwa kutoka Ulaya, na kwamba Muislamu hayamhusu. Tuliwauliza walimu wetu, nao wakatufungulia vitabu.

Imam Malik katika Muwatta amepokea kwamba Khalifa Uthman bin Affan (r.a.) alihutubia watu akawakataza kumlazimisha mtoto mdogo kuleta chumo, akaeleza na sababu: mtoto asipopata, ataiba. Ndugu msomaji, tafakari maneno haya. Khalifa alikataza, kisha akaonyesha nini kinachompata mtoto anayetakiwa arudi nyumbani na pesa. Nenda stendi yoyote ya mabasi uone kama hakusema kweli. Mtoto anayeuza karanga akipoteza pesa ya tajiri wake, anaogopa kurudi, na anayeogopa kurudi hulala nje. Hapo ndipo wanapopatikana wale tunaowaita watoto wa mitaani, kisha tunawalaumu.

Ama habari ya umri, Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.). Siku ya Uhud alijitokeza kwenda vitani akiwa na miaka 14, na Mtume (s.a.w.) hakumruhusu. Siku ya Khandaq alijitokeza akiwa na miaka 15, akamruhusu. Baadaye kisa hiki kilimfikia Khalifa Umar bin Abdulaziz, naye akaufanya umri huo kuwa mpaka kati ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake waufuate. Uislamu ulikuwa vitani na watu walihitajika, na bado kijana wa miaka 14 alirudishwa nyumbani. Sisi tunampeleka wa miaka 11 katika bahari ya usiku kwa ndoo ya dagaa.

Mkataba namba 138 nao umeweka miaka 15 kuwa umri wa kawaida, ukaziruhusu nchi zenye uchumi mdogo kuanza na 14. Nchi yetu ilichagua 14. Sisi tunaona wakati wa kupandisha umefika. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe miaka 10. Mtoto wa miaka 14 bado atakuwa darasani. Haifai sheria moja imwambie kaa shuleni, na nyingine imfungulie mlango wa ajira, hata ikiitwa nyepesi.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Tumezungumza na wazazi kadhaa juu ya jambo hili. Hawakukosa hoja, na haki yao ni kujibiwa kwa adabu.

Hoja ya kwanza ni kwamba kazi ni malezi, na samaki mkunje angali mbichi. Tunakubali. Mtoto asiyeosha hata kikombe alichonywea hajalelewa. Anas bin Malik (r.a.) aliletwa na mama yake, Ummu Sulaym, kwa Mtume (s.a.w.) akiwa na umri wa miaka kama 10, akamtumikia miaka kama 10 mingine. Lakini tazama alitumikia vipi. Anas mwenyewe amesimulia kwamba katika muda wote huo hakukemewa kwa alilolifanya wala kwa aliloacha kulifanya. Na aliondoka na nini? Aliondoka na elimu iliyomfanya apokee hadithi zaidi ya 2,000. Anayemleta Anas kuwa ushahidi wa kumweka mtoto wa mwenzake jikoni, atuonyeshe kwanza elimu ambayo mtoto huyo ataondoka nayo.

Hoja ya pili ni kwamba wao walilelewa hivyo hivyo na hawakufa. Ni kweli hawakufa wao. Lakini tukiwauliza wenzao waliokuwa nao darasa la tatu wako wapi, hukaa kimya kidogo. Kila mmoja anamkumbuka aliyekuwa hodari kuliko yeye katika hesabu, ambaye leo hawezi kusoma barua yake mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: tutakula nini? Hii haijibiwi kwa sheria peke yake. Ukimtoa mtoto kwenye mashua na hukuuliza nyumbani kwao wanapika nini, utakuwa umemhamisha tu, kesho utamkuta kwenye machimbo ya kokoto. Dunia imejifunza hili. Mwaka 2000 watoto waliotumikishwa duniani walikadiriwa kuwa milioni 246, na mwaka 2024 makadirio yalikuwa milioni 138. Kupungua huko kumekwenda pamoja na shule kufunguliwa na familia kusaidiwa. Hapa kwetu ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne, na watoto wengi waliokuwa nje wakaingia madarasani. Hata hivyo, mataifa yaliahidi kwamba ifikapo 2025 utumikishwaji wa watoto utakuwa umekwisha, na ahadi hiyo haikutimia.

Sisi Waislamu tuna hazina ya kujibu hoja hii. Katika makundi 8 ya wanaostahiki zaka, fukara na masikini ndio wanaotajwa mwanzo. Mjane tuliyemtembelea alikuwa akiishi hatua chache tu kutoka msikitini. Mwaka mzima zaka ilitoka kijijini kwetu ikampita mlangoni, na mtoto wake akaenda baharini.

MPAKA UKO WAPI?

Ili tusichanganye malezi na utumikishwaji, tumejiwekea maswali matatu. Je, kazi hii inamnyima mtoto shule, chuo au usingizi? Je, inaweza kumuumiza mwili au heshima yake? Na je, faida yake inakwenda kwa nani? Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika ajira ya watoto methali hii imepasuka vipande viwili: anayechumia juani ni mtoto, na anayelia kivulini ni mtu mwingine.

Mtoto kumsaidia mama kuchota maji kabla ya shule, kwa ndoo inayolingana na umri wake, hayo ni malezi. Mtoto kukaa na nyundo machimboni kutwa nzima akipasua kokoto bila hata miwani ya kuzuia vipande, huo ni utumikishwaji, hata kama aliyemweka ni baba yake. Na msichana wa miaka 12 anayeamka kabla ya wote, analala baada ya wote, na kuwapeleka wenzake shule huku yeye hana hata daftari, huo ni utumikishwaji, hata kama anaitwa "mtoto wetu" na anakula chakula kile kile.

Tunasema kwa uchungu kwamba nyumba nyingi za namna hii ni nyumba za watu wanaoswali. Baadhi yetu tunao wasichana hawa majumbani kwetu. Walitufulia kanzu tulizovaa siku ya Maulidi, na hatukuwahi kuwauliza wameishia juzuu gani.

Tena, kwa heshima zote kwa walimu wetu, tumejiuliza maswali haya haya juu ya chuo chetu. Kufagia darasa, kujaza pipa la maji ya udhu na kupanga misahafu ni kazi zetu, na tunazipenda. Lakini ipo desturi ya zamani, katika vyuo vingi, ya kuwapeleka wanafunzi shambani kwa mwalimu wakati wa kipindi cha masomo. Tulipolieleza jambo hili, mudiri hakukasirika. Alituambia kwamba yeye mwenyewe alipalilia sana na kusoma kidogo, kisha akaagiza kwamba kipindi cha somo kisiguswe. Allah amlipe kheri.

TUFANYE NINI?

Kwanza, daftari la mahudhurio lisomwe. Lisiwe la kuhesabu ada na kutoa adhabu tu. Mwanafunzi asipoonekana siku tatu, wenzake wawili wafike nyumbani kwao na mwalimu. Anayesinzia aulizwe kabla hajachapwa.

Pili, sadaka ya madrasa iwe na fungu maalumu la familia ambayo mtoto wake anataka kutolewa masomoni. Unga wa mwezi mmoja unaotolewa mapema una nguvu kuliko hotuba inayotolewa baadaye.

Tatu, akija mtu na ahadi ya kumpeleka mtoto mjini, wazazi wasiseme ndiyo siku hiyo hiyo. Waulize jina la shule, jina la mtaa, na namba ya simu ya nyumba. Wamwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya kijiji. Mwenye nia njema hatachukia kuulizwa.

Nne, tukijua kwamba mtoto anatumikishwa tutoe taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au serikali ya mtaa. Ipo pia namba ya simu ya msaada kwa watoto, nayo ni 116, haina malipo. Tuihifadhi kichwani kama tunavyohifadhi vitu vingine. Kutoa taarifa si umbeya. Umbeya ni kusimulia aibu ya mtu kwa asiyeweza kuiondoa.

Tano, wenye wasichana na wavulana wadogo majumbani mwao waanze leo. Kama mtoto huyo anaweza kurudishwa kwao salama na kusoma, arudishwe na haki yake yote mkononi. Kama hana pa kurudi, basi alelewe kweli kweli: aandikishwe shule, aletwe chuoni, alale mapema kama watoto wa nyumba. Milango ya madrasa yetu iko wazi kwake, na kamati imekubali kwamba hatatozwa ada.

Wanafunzi wenzetu, sheria imeandikwa na watu wazima walio mbali, nao wamefanya sehemu yao. Lakini wao hawamjui Popo. Sisi ndio tulioketi naye mkeka mmoja, goti kwa goti, na tulikuwa wa mwisho kujua. Hilo ndilo tunaloomba lisijirudie.

Jina lile la utani tumelifuta, na tulimwomba radhi mbele ya darasa lile lile tulilomchekea. Sasa amemaliza juzuu ya tano, na usiku wa giza analala kama sisi. Dada yake hajarudi hadi tunapoandika haya. Amepiga simu mara mbili, mara zote kwa haraka, na hakuweza kutaja mtaa anaokaa. Taarifa imekwishafika kwa afisa ustawi wa jamii, na inafuatiliwa. Walimu wa upande wa wasichana wamekataa kulikata jina lake katika daftari. Kila alasiri linaitwa, na kila alasiri wenzake hujibu kwamba hayupo.

Tunamwomba Allah (s.w.) amrudishe salama, awalinde watoto wote walio mikononi mwa wasiowahurumia, na atupe sisi macho ya kuona kabla ya kuchelewa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanafunzi wa Darasa la Juu